Tripu Sita: Amri ya Saba na Barabara Yetu

Katika usharika wetu, mkoani Simiyu, lipo kanisa dogo la mtaa lililojengwa juu ya udongo mweusi. Msomaji wa Bariadi, Itilima au Maswa anaujua udongo huo wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu. Mvua zikianza unavimba, na kiatu kinabaki nyuma huku mguu ukitangulia. Miaka michache iliyopita mkandarasi mmoja alikuwa akiweka changarawe kwenye barabara inayopita kijijini hapo. Siku moja tipa zake ziliacha barabara, zikaingia uwanjani kwa kanisa mara sita na kumwaga mzigo. Hatukulipa hata senti. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, tulisema Mungu amejibu maombi ya kamati ya ujenzi, tukamwombea mkandarasi baraka, na waumini wakapiga makofi.

Tunaandika makala haya kwa sababu ya tripu hizo sita. Waliohusika wameridhia tuandike, ila tusitaje majina yao, wala kijiji, wala kampuni.

Jambo hili halikuibuliwa na polisi wala na mkaguzi wa hesabu. Liliibuka jioni moja kwenye jumuiya, tukisoma Katekisimo Ndogo, tulipofika kwenye amri ya saba: usiibe. Kijana mmoja, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa amepata kibarua cha kuandika tripu za mkandarasi huyo, aliuliza, "Baba Mchungaji, kama gari limemwaga hapa kwetu, nami nikaandika kwamba limemwaga barabarani, hilo nalo limo kwenye amri hii?" Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Sisi tulijibu kwa maneno mengi yasiyo na jibu, tukafunga kwa sala, tukaenda nyumbani. Usiku ule hatukulala vizuri.

Swali la kijana yule ni zito kuliko linavyosikika. Tumezoea kufundisha kwamba mwizi ni mtu aliyechukua ng'ombe wa fulani, kuku wa fulani, simu ya fulani. Daima yupo fulani, ana jina, analalamika, na akikutana na mwizi wake njiani anamtazama usoni. Lakini barabara ni ya nani? Mitaani watu husema mali ya umma haina mwenyewe. Ikiwa ni kweli kwamba haina mwenyewe, basi amri ya saba haiihusu, kwa kuwa hakuna aliyeibiwa. Hili ndilo swali tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi: je, mtu anaweza kumwibia asiyekuwepo?

Tulilipeleka suala hili kwenye baraza la wazee. Mzee mmoja, mtu wa heshima, alisema ile ilikuwa sadaka, na kanisa halimwulizi mtoaji alikopata sadaka yake. Mwingine alisema kanisa nalo ni mali ya watu. Changarawe imetoka kwa wananchi ikarudi kwa wananchi. Na sisi wachungaji, tukiri wazi, tulitamani hoja hizo zitoshe. Uwanja ulikuwa umekauka vizuri na harusi mbili zilikuwa zinakuja. Ndipo mama mweka hazina akasema, "Wazee wangu, mimi nauliza kitu kimoja tu. Zile tripu, kwenye daftari zimeandikwa ziko wapi?" Hakuna aliyemjibu. Kama mkandarasi angenunua changarawe kwa fedha yake na kuandika kwamba ameipeleka kanisani, ingekuwa sadaka yake. Lakini kwenye daftari ile changarawe ilikuwa barabarani. Aliyetoa sadaka, basi, si mkandarasi. Ni yule atakayelipia barabara.

Huyo anayelipia ni nani? Hapa inafaa tueleze kidogo jinsi barabara inavyojengwa kwa fedha za umma, kwa sababu wengi wetu tunaiona tipa inapita tu, hatujui kilicho nyuma yake. Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS, wakala ulioanza mwaka 2000. Barabara za wilaya, za mijini na za vijijini zinasimamiwa na TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017. Sehemu kubwa ya fedha za matengenezo hutoka Mfuko wa Barabara, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1998, na mfuko huo unajazwa hasa na tozo inayokatwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Maana yake ni kwamba mama anayepanda bodaboda kutoka kijijini kwenda hospitali Bariadi mjini ameilipia barabara siku hiyo hiyo, ndani ya nauli yake. Mkulima anayepakia pamba kwenye lori ameilipia ndani ya gharama ya usafiri. Hawakupewa risiti ya jambo hilo, lakini wamelipa.

Fedha hiyo haikabidhiwi mkandarasi kwa mkupuo kama zawadi. Zabuni hutangazwa, mkataba husainiwa, na ndani ya mkataba mna orodha ya kazi na bei zake: mita kadhaa za mtaro, makalavati kadhaa, changarawe ya unene fulani kwa urefu na upana fulani. Kazi ikifanyika inapimwa. Mhandisi anayesimamia kwa niaba ya mwenye mradi anaridhika, anasaini hati ya malipo, ndipo fedha inatoka. Sehemu ya kila malipo huzuiwa, na baada ya kazi kukamilika huwekwa kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja, ambacho kasoro zikionekana mkandarasi anazirekebisha kwa gharama yake. Kwa hiyo kila hatua inasimama juu ya neno la mtu. Aliyeandika tripu ametoa neno. Aliyepima unene wa tabaka ametoa neno. Aliyesaini hati ametoa neno. Barabara ya changarawe, kabla haijawa changarawe, ni mlolongo wa watu wanaoaminiana kwa maandishi.

Kijana wetu alikuwa mtu wa chini kabisa katika mlolongo huo, lakini wa juu yake walisimama juu ya kalamu yake.

Tuliamua kupiga hesabu, maana wapo waliosema tripu sita ni kitu kidogo. Tipa moja ilibeba kama mita 10 za ujazo. Tripu sita ni mita 60. Changarawe ikishindiliwa inapungua, tuseme zibaki mita 45. Barabara ile ilitakiwa iwe na upana wa mita 5 na changarawe yenye unene wa sentimita 15. Ukigawanya, unapata mita 60 za barabara. Tulitoka nje ya kanisa tukazihesabu kwa hatua. Ni kutoka mlangoni hadi kupita kisima. Mita 60 juu ya udongo mweusi ni nyingi sana. Gari haliwezi kuziruka. Barabara ya kilomita 10 iliyo nzuri kote, ikiwa na mita 60 mbaya mahali pamoja, wakati wa mvua ni barabara isiyopitika. Mgonjwa aliye ng'ambo ya mita hizo hafaidiki na kilomita nyingine zote.

Hatuwezi kusema kwamba tripu zetu sita ndizo zilizokosekana mahali fulani palipoharibika. Hakuna anayeweza kusema hivyo, na hapo ndipo ulipo ubaya wa wizi wa namna hii. Bodaboda anapoanguka kwenye shimo, hamkumbuki aliyeandika daftari. Anailaumu mvua. Mwizi wa ng'ombe anajua amemliza nani; mwizi wa barabara halazimiki kujua, kwa hiyo analala. Hasara imegawanywa kwa watu wengi kiasi kwamba kila mmoja anapata chembe, na hakuna mwenye hasara ya kutosha hata aende kushitaki. Mali ya umma haikosi mwenyewe. Ina wenyewe wengi mno, na kila mmoja amechukuliwa kidogo mno. Ndiyo maana tunasema imechukuliwa bila kuibwa.

Lakini amri ya saba haikuandikwa kwa ajili ya hasara zinazoonekana tu. Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, anapoifafanua amri hii hatumii muda mwingi kwa wavunja nyumba. Anawaelekea watu wa kazi: fundi, kibarua, mfanyabiashara, mtu anayepokea ujira kamili na kutoa kazi pungufu. Kwake, kufanya kazi hovyo kwa fedha ya mwenzako ni wizi, na wezi wa namna hiyo ni wengi kuliko wale tunaowafungia milango. Tena katika Katekisimo Ndogo anageuza upande wa pili: kuishika amri hii si kutochukua tu, bali ni kumsaidia jirani alinde na kuboresha kile alicho nacho. Kwa fundisho hilo jirani yetu si lazima awe mtu tunayemjua kwa jina. Yule mama wa bodaboda ni jirani. Mtoto atakayezaliwa mwakani ng'ambo ya mto ni jirani. Barabara ni mahali ambapo tunawatendea mema au mabaya watu ambao hatutawaona kamwe.

Haki, hata hivyo, inakata pande zote mbili, na tusiseme kana kwamba mkosaji daima ni mkandarasi. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeeleza mara kadhaa jinsi wakandarasi wa barabara wanavyocheleweshewa malipo, na jinsi riba ya ucheleweshaji huo inavyoongezeka na kulipwa na umma uleule. Mkandarasi mdogo wa hapa nchini aliyekopa benki, akamaliza kazi, akapewa hati ya malipo na kukaa mwaka bila fedha, naye ameibiwa. Na vibarua wake wanaosubiri ujira nyuma yake wameibiwa pia. Yakobo katika sura ya 5 anasema ujira uliozuiwa wa wavunaji unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana. Mtu aliyebanwa hivyo ndiye anayeanza kupunguza unene wa tabaka ili apone. Kumweleza si kumhalalisha. Lakini msimamizi anayekaa na hati mezani bila sababu asifikiri amri ya saba inamhusu mtu wa tipa peke yake.

Katika siku zile tulirudi kwenye Wafalme wa Pili, sura ya 12. Hekalu lilikuwa limebomoka, na mfalme Yoashi aliagiza makuhani wapokee fedha za watu na kulitengeneza. Hadi mwaka wa 23 wa utawala wake ukarabati haukuwa umefanyika. Biblia haisemi kwamba makuhani walikula fedha. Inasema tu kwamba fedha ilipokelewa na mabomoko yakabaki, kama tunavyoona nasi miradi mingine. Mfalme hakumaliza tatizo kwa hotuba. Kuhani Yehoyada alichukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wote wawili, wakahesabu pamoja, wakazikabidhi fedha zilizopimwa kwa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi. Kisha likafuata neno la ajabu: wale wasimamizi hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu.

Wapo wanaolitumia neno hilo la mwisho kusema kwamba mahali pa imani hapahitaji ukaguzi. Mtu akiomba kuona hesabu za ujenzi wa kanisa anaambiwa hana imani na watumishi. Lakini someni habari yote. Lile sanduku lenye tundu na wale wahesabuji wawili wametangulia. Na waliofungiwa mkono wasizipokee fedha tena ni makuhani, watu wa dini. Uaminifu wa mafundi ulijulikana kwa sababu kazi yao ilikuwa wazi na fedha waliyopewa ilikuwa imehesabiwa mbele ya watu wawili. Hakuna aliyewaamini kwa kufumba macho. Paulo naye, alipobeba mchango wa makanisa, alisafiri na wenzake kwa makusudi, akaeleza katika Wakorintho wa Pili sura ya 8 kwamba alitaka mambo yawe mema si mbele za Bwana tu, bali na mbele ya wanadamu. Kama Paulo hakuona aibu kuhesabiwa, sisi ni nani?

Kwa hiyo tulifikia jibu hili: kukubali kuhesabiwa ni namna ya kumpenda jirani asiyekuwepo. Hawezi kuja kutuuliza, kwa hiyo tunaweka daftari, mashahidi na vipimo vimwulizie.

Jibu ni rahisi kulisema. Kulitenda kulitugharimu. Wazo la kwanza lilikuwa kuzizoa zile changarawe, lakini zilikuwa zimeshazama na kuchanganyika na udongo. Baraza likaamua zinunuliwe tripu sita nyingine. Watu walitoa baada ya kuuza pamba, wengine kwa kunung'unika, na kamati ya ujenzi ikakaa msimu mzima bila kupandisha hata tofali moja. Tukakumbuka maneno ya Daudi kwa Arauna, kwamba hatamtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu.

Tulimwendea kwanza msimamizi wa mkandarasi, kama Bwana alivyofundisha katika Mathayo 18, kwamba ndugu aambiwe faraghani. Alicheka. Akasema, "Mchungaji, mimi nimewapa kwa moyo, sasa mnanirudishia?" Tulimweleza kuhusu daftari. Hakucheka tena. Akauliza ni nani aliyetuambia. Kijana wetu, ambaye tulikuwa tumemsihi abaki nyumbani, alikuwa amesimama nasi. Akasema, "Ni mimi, bosi. Niliandika uongo, nimekuja kufuta." Tuliandika barua kwa mhandisi aliyesimamia mkataba. Alikuja, akachimba vishimo vya kupima unene, akakuta kipande ambacho tabaka lilikuwa jembamba. Kazi ilikuwa bado ndani ya kipindi cha matazamio, hivyo mkandarasi alitakiwa kukirekebisha. Changarawe tuliyonunua ilimwagwa hapo hapo, na pungufu akaijaza yeye.

Msimu uliofuata kijana hakuitwa tena kwenye kibarua, kwake wala kwa mkandarasi mwingine aliyekuja. Habari zilikuwa zimetangulia. Hatutaki kuificha sehemu hii, kwa sababu mahubiri mengi ya uaminifu huishia mahali ambapo mwaminifu anapandishwa cheo. Yeye alikaa miezi kadhaa bila kazi, ana mke na watoto wawili. Usharika ulimpa kibarua cha uzio, lakini uzio una mwisho. Tulipomuuliza kama anajuta, alisema anachojutia ni kwamba siku ile sisi tulitangaza baraka yeye akiwa kwenye kwaya, akijua, na akaimba. Neno hilo lilituchoma sisi kuliko yeye. Kalamu ilikuwa yake, lakini makofi yalikuwa yetu. Tulipokea bila kuuliza, kwa sababu tulipenda kupokea. Ni sisi tuliopaswa kuuliza kabla yake, nasi tulimwachia mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote abebe gharama ya swali letu.

Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, na tangu hapo tumeona barabara zikibadilika. Leo mtu anatoka Lamadi kando ya ziwa hadi Bariadi juu ya lami, na kutoka Bariadi anapita Maswa hadi Mwigumbi juu ya lami. Wazee wanaokumbuka safari hizo zamani wanamshukuru Mungu, nasi tunamshukuru pamoja nao. Lakini lami hiyo inalishwa na barabara ndogo za vijijini, zile za changarawe, na hizo ndizo zinazopita mbele ya makanisa yetu. Ndizo tunazoweza kuziona zikijengwa kwa macho yetu wenyewe.

Basi, wapendwa, tunaomba mambo machache. Bango la mradi likisimikwa kijijini, lisomeni: limeandikwa kazi, mkandarasi, mwenye mradi na muda. Katika mkutano mkuu wa kijiji ulizeni kwa heshima kazi imefikia wapi. Aliye kibarua, dereva, fundi, mhandisi au mhasibu kati yetu ajue kwamba daftari lake ni mahali pa ibada sawa na kiti chake cha kanisani. Na kanisa likipewa kitu na mtu anayefanya kazi ya umma, wazee waulize swali la mama mweka hazina kabla ya watu kupiga makofi: kwenye daftari, hiki kimeandikwa kiko wapi?

Uwanja wa kanisa lile bado unatusumbua. Masika iliyopita tulibatiza watoto saba na wazazi waliingia viatu vikiwa mkononi. Kamati imeanza tena kuchanga, na safari hii risiti za changarawe zitabandikwa mlangoni.